Vipimo Viko Safi

Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko ya saa nne, mwalimu mwenzangu kijana alinifuata chini ya mwembe wa shule yetu hapa Mikumi. Akaniamkia, akakaa, akachorachora mchanga kwa kijiti, kisha akalitoa lililokuwa linamkaba. Mke wake anaumwa mwili mzima tangu ajifungue. Wamekwenda zahanati, kituo cha afya, hospitali, na kila walikokwenda karatasi imerudi na maneno yale yale: vipimo viko safi. Dada zake wameanza kusema kaka yao ameoa mvivu.

"Mwalimu, nisaidie," akasema. "Nimrudishe kwao wakamwangalie, au nifanyeje?"

Kengele ililia kabla sijapata la kumwambia. Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, na hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Ndiyo maneno uliyoniambia wewe," akasema.

Ni kweli, niliyasema. Na kwa kuwa niliyasema, nadhani nina wajibu wa kueleza yalitufikisha wapi.

Tulikuwa tunaishi Kilosa mjini wiki ile ya mwisho ya Desemba 2009, mvua ilipoujaza mto Mkondoa mpaka ukaacha njia yake na kuingia kwa watu. Wenye umri wanakumbuka. Reli ya Kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Kwetu maji yalipitia mlango wa nyuma, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alitoka na mtoto wetu wa pili mgongoni, wa miezi minne, na mikononi amekumbatia kichwa cha cherehani. Meza yake tuliiacha. Tuliporudi kuitafuta tulikuta chuma kimezama kwenye tope mpaka kwenye kanyagio.

Maumivu yalianza kambini. Kwanza mabega, ambayo hayakumshangaza mtu, maana alilala chini na mtoto mkononi. Kisha yakashuka kiunoni, yakaenda kwenye mapaja, yakarudi shingoni. Yalikuwa hayakai mahali. Wamama wa kambini walimwambia ni baridi yabisi, wakamkanda kwa maji ya moto. Nimelifikiria sana neno hilo baadaye. Yabisi ni ukavu. Ni neno lililotufikia na utabibu wa zamani wa pwani, ule uliopima mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Wale wamama hawakuwa na kipimo chochote, lakini walikuwa na jina, na mwenye kupewa jina la ugonjwa wake walau hulala akijua kuna mtu amemsadiki. Miaka mitano iliyofuata hatukupata tena hata hilo.

Tulizunguka. Sehemu moja aliambiwa ni malaria iliyojificha, akanywa dozi. Nyingine ikasema taifodi, nyingine yutiai, nyingine taifodi tena. Leo najua kwamba kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana kwenye vituo vyetu huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, lakini wakati ule nilikuwa nahesabu sindano tu na kungoja apone. Alichomwa diklofenaki mara nyingi mpaka akaanza kuungua tumbo. Kila dozi ilipoisha alikuwa vile vile, na kila aliporudi kusema bado anaumwa alitazamwa kwa jicho la "huyu naye vipi?" Mara ya mwisho walimpiga picha za mgongo na magoti, wakapima damu ya kila aina. Mhudumu akafunga faili.

"Mama, wewe huna ugonjwa," akamwambia. "Vipimo vyako viko safi. Punguza mawazo."

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini, akakaa wiki mbili. Alitaka ampeleke kwa mtaalamu wa jadi, akampeleka. Sikumzuia, wala simlaumu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaamka usiku kumkanda. Nilipomuuliza kama kweli anaona mwanawe ni mgonjwa, alinitazama kwa mshangao. "Baba, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nikapime nini tena? Nimemwona anavyokaa."

Anavyokaa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuwa nimeona anavyokaa.

Usiku wenyewe ulikuwa wa kawaida. Nilirudi nimechoka, na madaftari ya kidato cha pili kwapani. Moto ulikuwa haujawashwa, watoto wanalia njaa, naye amelala na mikono ameiweka juu ya mto kama vitu visivyo vyake. Akaniambia leo hata nywele zinauma. Nikamjibu, "Lakini si vipimo viko safi?" Sikupandisha sauti. Niliuliza kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kuthibitishwa. Alinyanyuka, akawasha moto, akapika ugali, akauweka mezani. Tangu usiku huo hakuniambia tena kwamba anaumwa. Karibu mwaka mzima. Mimi nikaudhani ukimya huo ni nafuu, nikawaambia ndugu zangu kwamba shemeji yao hajambo sasa.

Hilo ndilo nililotaka kumwambia kijana yule kabla ya yote. Mgonjwa asiyesadikiwa haponi, ananyamaza. Na akishanyamaza, kumfungua tena kinywa ni kazi ya miaka.

Mwaka 2013 nilihamishiwa Mikumi. Barabara ya Kilosa kuja huku, kupitia kijiji cha Ulaya, wakati ule ilikuwa vumbi na makorongo. Tulikuja juu ya mizigo yetu kwenye fuso. Tulipofika alishindwa kushuka. Alikaa juu ya godoro kwa muda, machozi yanamtoka bila sauti, na vijana waliokuja kupakua wakageuka pembeni kwa heshima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ule mwaka wa kimya haukuwa wa nafuu. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya vijana, kwa maneno mabaya mabaya yasiyopangika. Akasema, "Nishushe kwanza."

Mji wetu huu umekaa juu ya barabara kuu iendayo Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo hayalali. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa karibu na lami, na breki za upepo zilipopiga usiku alishtuka kila mara, akaamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Nililalamikia kelele tu. Sikujua kwamba usingizi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, mpaka tulipofika kwa daktari mmoja Dar es Salaam, mwaka 2015, baada ya kupitia rufaa ya Morogoro.

Daktari yule hakuagiza kipimo kipya siku hiyo. Aliuliza kwanza, "Mama, unalalaje?" Mke wangu akanitazama, kama vile swali limekosea njia. Akaeleza usingizi, kisha uchovu, kisha jinsi anavyosahau vipimo vya nguo ya mteja akiwa ameishika mkononi, kisha tumbo, kisha kichwa. Daktari akamgusa kwa kidole gumba, taratibu, kwenye shingo, mabega, viwiko, nyonga, na kila alipogandamiza kidogo alimtazama usoni, hakutazama karatasi. Mwisho akaandika neno moja refu na kulisoma kwa sauti: fibromialjia.

Alituambia vipimo vilikuwa vinasema kweli: mifupa, damu na viungo vilikuwa salama. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kilichoko nje ya vipimo hakipo. Ugonjwa huu hautambuliwi kwa damu wala kwa picha. Unatambuliwa kwa kumsikiliza mtu: maumivu yaliyoenea mwilini kwa zaidi ya miezi 3, usingizi usioshibisha, uchovu, akili kuingia ukungu. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliweka vigezo vya kugandamiza sehemu 18 za mwili na kuhesabu zinazouma, angalau 11; mwaka 2010 kikaja na vigezo vingine vinavyotegemea zaidi maelezo ya mgonjwa. Unawapata wanawake zaidi, wanaume pia hawakosekani. Mara nyingi huanza baada ya mwili au moyo kupigwa na jambo zito. Aliposikia hivyo mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mafuriko." Daktari hakukubali wala hakukanusha, aliinamisha kichwa tu kumwonyesha kwamba amesikia.

Yapo mambo niliyoyaelewa vizuri baadaye, tukiwa tumerudi Mikumi, kwa kuwatazama majirani wenye mashamba. Huku tembo hutoka hifadhini usiku kuja kwenye mahindi, na mlinzi wa shamba hukesha kwenye kibanda akipiga debe. Jirani yetu mmoja shamba lake liliwahi kuliwa lote usiku mmoja. Msimu uliofuata alikuwa akisikia jani likiguswa na upepo anapiga debe mpaka mtaa mzima unaamka. Tembo hakuna, lakini debe linapigwa kweli, kelele ni za kweli, na usingizi wetu uliharibika kweli. Ndivyo ninavyouelewa mfumo wa fahamu wa mke wangu. Mlinzi wake hajalala tangu mafuriko. Kumwambia "hakuna tembo" hakumsaidii; inabidi afundishwe polepole kutua debe chini.

Na usingizi nao. Mwaka 1975 huko Kanada, Harvey Moldofsky na wenzake waliwalaza watu wenye afya zao, wakawa wanawasumbua kila walipofika kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache watu wale waliamka na maumivu ya misuli na uchovu unaofanana na wa wagonjwa hawa. Niliposoma habari hiyo niliyafikiria malori. Tulihamia nyumba ya ndani zaidi, mbali na lami, kodi ikiwa kubwa kidogo. Sikumbuki dawa yoyote tuliyonunua iliyotufaa kama kuhama kule.

Dawa zilikuwepo pia. Daktari alimpa amitriptilini, kidonge kidogo, dozi ndogo, jioni. Ni dawa ya zamani ya sonona, na mfamasia mmoja alipoiona kwenye karatasi aliuliza kwa sauti kama mama ana matatizo ya akili. Watu walikuwa kwenye foleni. Ingekuwa miaka ya nyuma ningemwachia mke wangu aibu hiyo. Siku hiyo nilijibu mimi, kwamba ni dawa ya maumivu na usingizi, na daktari anajua alichoandika. Sindano za diklofenaki daktari alituambia tuziache. Haziutibu ugonjwa huu, na tumbo lilikuwa limekwisha kuumia.

Lakini jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa kutembea. Nilikataa moyoni. Mtu anaumwa mwili mzima, halafu atembee? Nikaja kujua kwamba hata miongozo ya madaktari wa Ulaya, iliyopitiwa upya mwaka 2016, katika orodha yake yote ya tiba iliyapa mazoezi peke yake pendekezo la nguvu. Masharti ni kwamba yaanze kidogo sana. Tulianza na dakika kumi: kutoka mlangoni mpaka kwenye mbuyu na kurudi, jua likishatoka vizuri kwa sababu ya tembo. Wiki mbili za kwanza aliumia zaidi, nami nikataka tuache. Akakataa yeye. Baada ya miezi tulikuwa tunafika sokoni.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni siku njema. Akiamka hajambo, alikuwa anafua mablanketi, anapiga deki, anashona nguo tatu za sare, anasonga ugali wa wageni. Mimi narudi nafurahi, namsifu. Kesho yake hanyanyuki, na keshokutwa hanyanyuki, mpaka siku ya nne. Tukanunua kauntabuku, nikapiga mistari ya safu tatu: usingizi, maumivu kwa namba kuanzia sifuri mpaka kumi, na kazi iliyofanyika. Kila jioni aliniambia, nikaandika. Baada ya miezi miwili kitabu kilisema wazi kwamba sifa zangu zilikuwa zinamlaza kitandani. Kilisema pia kwamba Juni na Julai, baridi inaposhuka, namba hupanda, na kwamba siku tulizogombana zimo, zinaonekana kwenye usingizi wa usiku uliofuata. Nikaacha kusifia kazi. Alivyopanga ni kufanya nusu ya anachoweza siku njema, na robo siku mbaya, na kulala mchana bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kazi nyingine zikaja kwangu. Maji ya bomba, ndoo nne kabla ya kwenda shule. Kuni. Kubeba mtoto. Mtaani wakasema nimelishwa limbwata, na mzee mmoja niliyemheshimu aliniita kando kuniuliza kama nina amani nyumbani. Maneno hayo yaliniuma, sitaficha. Lakini kulikuwa na kosa jingine nililofanya ambalo watu hawakuliona. Nilikuwa nafanya kila kitu. Nilimnyang'anya jiko, nikamnyang'anya ufuaji, nikamketisha kwenye kiti kama mgeni. Siku moja nilikuwa nakamua shuka peke yangu uani, maji yananichuruzika mpaka viatuni. Akaja akashika ncha ya pili. Hakukamua, vidole vyake haviwezi kukunja nguo nzito. Aliizungusha ile ncha kwenye kiganja mara moja, akaishikilia kifuani kwa mikono miwili, akakaza miguu. Mimi nikapinda upande wangu, nikapinda, maji yakamwagika katikati yetu. Shuka likakauka kuliko ningelikamua peke yangu. Tangu siku hiyo tunakamua hivyo, na cherehani lilirudi mezani, nguo moja kwa wiki badala ya tatu kwa siku.

Msibani ndiko kulikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Kwetu mwanamke asiyeonekana kwenye sufuria za msiba anajidai. Mke wangu alikuwa anakwenda, anasonga, anaosha masufuria, kisha analipa kwa wiki nzima. Asipokwenda, anasemwa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama nikamweleza, kwa ruhusa ya mke wangu, ugonjwa wenyewe ulivyo. Sikutaka aonewe huruma. Nilitaka apewe kazi nyingine. Mama yule alifikiri kidogo tu. "Si anajua kuandika vizuri? Ashike daftari la michango." Mpaka leo ndiye anayelishika. Hukaa kwenye kiti chenye egemeo mlangoni pa ukumbi, na hakuna msiba mtaani kwetu unaohesabiwa bila yeye.

Nasi tulio upande wa pili tunachoka. Nilikuwa na miaka ya hasira isiyo na mtu wa kuielekea: kwake nisingethubutu, kwa watoto ingekuwa dhuluma. Hata kumkumbatia ilibidi nijifunze upya, kwa sababu mkono wangu begani mwake siku nyingine ni faraja na siku nyingine ni moto, na hakuna alama ya kunijulisha ila kuuliza. Niliona aibu kuuliza jambo kama hilo ndani ya ndoa. Sasa nauliza, naye hujibu kwa kunyoosha mkono au kutikisa kichwa.

Safari za kliniki zimekuwa nyepesi kidogo tangu Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mpaka Dodoma. Inapita Kilosa ile ile ambako reli ya zamani ilisombwa. Sisi huipandia Morogoro. Kwenye basi alikuwa anafika Dar akiwa wa kubebwa. Kwenye treni anasimama, anatembea kati ya viti, anajinyoosha. Na Bunge lilipopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, Novemba 2023, nilifurahi kama mtu anayejua gharama za kuzunguka. Lakini kadi itamfikisha mke wa yule kijana kwenye dawati tu. Aliyekaa nyuma ya dawati akiwa hajui kuuliza "unalalaje?", atamrudisha na karatasi ile ile, safari hii bure. Laiti kila zahanati ya Kilosa ingekuwa na mhudumu mmoja aliyefundishwa kwamba vipimo safi ni mwanzo wa maswali.

Kijana nilimjibu baada ya siku mbili. Nilimwambia asimrudishe mtu kwao, arudi naye kwa daktari akiwa na maelezo yaliyoandikwa, na kabla ya hapo anunue daftari. Nikampigia mistari ya safu tatu kwa rula ya ubaoni. Wiki iliyopita alilileta nyumbani. Alikuwa ameandika siku kumi na moja kwa mwandiko wa mwalimu, umenyooka, na kwenye Jumanne ya kwanza, safu ya usingizi, palikuwa na maneno matatu: Hakulala. Sikuwa najua.

Mke wangu aliusoma ukurasa ule mpaka chini, akafunga daftari, akalishikilia kidogo mapajani.

"Mwambie mkeo aje Jumamosi," akamwambia. "Aje asubuhi. Mchana mimi huwa nalala."